Maji ya Mwisho: Niliyojifunza Nikipika Bia ya Shayiri Jinja

Mama alikuwa na birika moja kubwa, jeusi kwa masizi, la kuchemshia maji ya ajon. Sisi watoto tuliruhusiwa kuchota maji, kukoka moto, kupanga viti, hata kupokea pesa, lakini birika lile alilimimina yeye mwenyewe. Tuliishi kwenye kambi ya polisi, Soroti. Baba alitoka Arua, mama ni Mteso, majirani walikuwa Waacholi, Wasamia na Wagisu, na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha sote uani. Jioni wazee walikizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu wenye kichujio nchani, na mama alipita nyuma yao akiongeza maji ya moto juu ya wimbi.

Asiyeijua ajon, ambayo Kampala wanaiita malwa, nimweleze kidogo. Unga wa wimbi hukandwa kwa maji na kuvundikwa siku kadhaa, hukaangwa kwenye karai pana mpaka ubadilike rangi na kunukia, hukaushwa juani, kisha huchanganywa na kimea cha wimbi na maji, ukachachuka. Kinachofika mbele ya wanywaji ni machicha mazito yenye pombe ndani yake, na maji ya moto ndiyo yanayoitoa. Watu wanavuta, chungu kinapungua, maji yanaongezwa, yanatulia kidogo, wanavuta tena. Kila mzunguko ni mwepesi kuliko uliotangulia.

Ulifika wakati wa jioni ambapo mzee mmoja angesema, "Mama, tuongezee." Mama angechukua mrija wake, akaonja kidogo, akatikisa kichwa. "Chungu kimechoka, mzee wangu. Nikiongeza tena nitakuuzia maji yaliyopita karibu na wimbi." Maji hayakumgharimu kitu. Angeweza kuwaweka pale saa moja zaidi. Mimi niliyaona yale kama adabu ya biashara, basi. Ilinichukua miaka mingi na vyungu vitatu vibovu vya bia yangu mwenyewe kuelewa kwamba alikuwa anajua jambo ambalo mimi nilikuwa ninalitafuta kwenye hesabu.

Mimi ni fundi wa majokofu, na ninaishi Jinja. Nilianza kupika bia ya shayiri nyumbani baada ya mteja mmoja kuniachia jokofu kuukuu ambalo halikustahili tena kuuzwa lakini liliweza kushika nyuzi 18 bila kuyumba. Kwa mtu anayetaka kuchachusha bia hiyo ni zawadi kubwa, kwa sababu joto la kawaida la chumba hapa ni 25 au zaidi, na hamira ya bia ikichachuka kwenye joto hilo hutoa harufu kama ya ndizi iliyoiva kupita kiasi, pamoja na ukali wa spiriti. Kimea cha shayiri, hopsi (maua makavu yanayoipa bia uchungu) na hamira niliagiza Nairobi, vikaja kwa basi la usiku linalopita Busia. Maji nilifungua bomba. Hayo ndiyo sikuyafikiria hata dakika moja, na ndiyo zaidi ya asilimia 90 ya kilichokuwa ndani ya sufuria.

Kipimo nilichokuwa nacho kilisema kilo 5 za kimea kwa lita 20 za bia. Nikapima lita 20 za maji. Nilidhani zikiingia 20 zitatoka 20. Niliyapasha maji, nikamimina kimea, nikakoroga ukawa kama uji mwepesi, nikaufunika kwa blanketi saa nzima kwenye nyuzi 67 ili vimeng'enya vigeuze wanga kuwa sukari. Mpaka hapo kila kitu kilikuwa sawa. Nilipochuja zikatoka lita 15. Nikachemsha saa moja na hopsi, zikabaki 11. Nilipohamishia kwenye ndoo ya kuchachushia nikaacha chini karibu lita moja na nusu ya mashapo ya hopsi na utando wa protini. Mkononi nilikuwa na lita 9 na nusu.

Nilifanya kile ambacho mtu yeyote aliyeahidi majirani bia angefanya. Nilifungua bomba nikajaza mpaka lita 20.

Bia ile ilikuwa chapwa. Maji yenye rangi. Na juu ya uchapwa ilikuwa na harufu ya dawa, ile harufu ya wodi iliyopigwa deki asubuhi, harufu ambayo haikupungua hata baada ya mwezi mzima kwenye chupa. Baadaye nilielewa sababu zote mbili. Ya kwanza ni hesabu tupu: maji matamu niliyoyapata kwenye kimea yalikuwa na uzito wa karibu 1.070 (maji matupu ni 1.000, sukari ndiyo inayoongeza), na nilipozigeuza lita 9 na nusu kuwa 20 uzito ulishuka mpaka kama 1.033. Ya pili ni klorini. Maji ya bomba hutiwa klorini ili yasituletee kipindupindu, na ninaishukuru. Lakini klorini ikikutana na fenoli zinazotoka kwenye kimea na hamira huunda kemikali ambayo pua inainusa hata ikiwa chembe kidogo sana. Maji niliyotumia mwanzoni yalichemka yakaipoteza. Yale ya mwisho, niliyoyamimina mabichi toka bombani, ndiyo yaliyoibeba mpaka kwenye chupa.

Siku hizi maji yote ya kupikia ninayaweka wazi kwenye mapipa tangu usiku wa jana, au ninayachemsha kwanza. Penye kloramini, dawa ya maji iliyo ndugu ya klorini lakini sugu zaidi, njia hizo hazitoshi. Hapo kidonge cha metabisalfaiti, robo tu kwa lita 20, huimaliza kwa dakika chache. Nina pakiti moja ambayo nimeitumia kwa miaka.

Chungu cha pili nilikipika kwa hasira ya kile cha kwanza, na hasira haipimi. Safari hii niliapa kwamba lita 20 nitazipata hata iweje. Nilitengeneza uji wa kimea kama awali, nikachuja, kisha nikaanza kuyasuuza machicha kwa maji ya moto ili kutoa sukari iliyobaki. Kusuuza kwenyewe ni sahihi, ndivyo inavyofanywa. Kosa langu lilikuwa kwamba nilisuuza kwa maji yanayotokota, na niliendelea mpaka nikapata lita 32. Maji yaliyokuwa yanatoka mwishoni yalikuwa na rangi ya majani makavu na hayakuwa na utamu wowote, lakini mimi nilitazama ujazo unavyopanda nikafurahi. Kisha, kwa kuwa lita 32 ni nyingi mno, nikachemsha saa tatu mpaka zikabaki 20.

Namba zote zilitoka nzuri. Haidromita, kile chombo cha kupimia uzito huo, niliyokuwa nimeinunua baada ya aibu ya kwanza, ilisoma 1.049. Kama bia ingekuwa namba tu, ile ingekuwa bia nzuri kuliko zote mtaani kwetu.

Lakini ilikuwa na ukakasi. Kila aliyewahi kung'ata ndizi mbichi au bibo bichi la korosho anaujua: ulimi unakauka, meno yanakuwa kama yamepakwa chokaa, mate hayaji. Ukakasi si uchungu. Uchungu wa hopsi unakaa ulimini na unapendeza; ukakasi unashika mashavu kwa ndani na haupendezi kamwe. Unatokana na tanini zilizomo kwenye maganda ya shayiri, zile zile zinazoifanya chai iliyosahauliwa jikoni na majani yake isinyweke. Wakati machicha bado yana sukari nyingi, uji unabaki na asidi kidogo, na tanini zinakaa ndani ya ganda. Ukisuuza mpaka sukari ikaisha, asidi inapungua, kipimo chake, pH, kinapanda kuelekea 6, na ganda linaachia. Joto likizidi nyuzi 78 hivi, linaachia zaidi. Mimi nilifanya yote mawili kwa pamoja. Na lile tokoto liling'oa pia wanga ambao haukuwa umegeuka sukari, baada ya vimeng'enya vya kuugeuza kuwa vimekwisha kuuawa na joto, ndiyo maana bia ile haikutakata hata ilipokaa wiki tano kwenye jokofu.

Zile saa tatu za kuchemsha ziliongeza dhambi yao. Hopsi niliitia mwanzoni, ikachemka muda wote, na rangi ikawa ya shaba iliyokolea badala ya dhahabu niliyoitaka.

Nilikaa miezi miwili bila kupika. Nilipoanza tena, nilianza na maji peke yake, bila punje ya kimea, na kama kuna jambo ningemwomba anayeanza alifanye, ni hili. Nilichukua sufuria yangu, nikatia maji kwa chombo cha lita moja nilichokiamini, na kila lita 2 nikachonga alama kwenye mwiko mrefu wa mbao. Sikuutumia mtungi wa manjano kupimia, kwa sababu mtungi unaoitwa wa lita 20 ukijazwa mpaka mdomoni huzidi lita 20, na kosa la lita moja kwenye kila mtungi ni bia nyingine kabisa. Kisha nikawasha gesi, nikachemsha maji yale saa moja kamili bila mfuniko, nikayaacha yapoe, nikapima. Yalikuwa yamepungua lita 4.

Lita 4 kwa saa ni tabia ya sufuria yangu na moto wangu. Sufuria pana hupoteza zaidi kuliko nyembamba, moto mkali hupoteza zaidi kuliko wa wastani, na ukipikia uani siku ya upepo utaona tofauti. Kitu nilichokuwa nimekosea kukielewa ni kwamba mvuke haufuati wingi wa maji. Ukichemsha lita 30 au lita 15 kwenye sufuria ile ile na moto ule ule, kinachopotea kwa saa kinakaribiana. Kwa hiyo anayepika lita 10 kwa sufuria kubwa anapoteza sehemu kubwa zaidi ya bia yake, na akigawa tu kipimo cha lita 20 kwa mbili, hesabu inamdanganya. Jirani yangu anayepikia sigiri ya makaa ameniambia hawezi kupata namba inayotulia, na ninamwelewa. Makaa huanza kwa nguvu yakaisha kwa unyonge. Yeye ameamua kupima kwa mwiko kila robo saa.

Wapo watakaosema, basi funika sufuria upunguze hasara. Usifunike. Kimea cha rangi nyepesi kina kitu ambacho kikichemka hutoa harufu ya mahindi yaliyochemshwa, na mvuke ndio unaoibeba kuitoa nje. Ukifunika, inagonga mfuniko na kurudi ndani kwa matone. Zile lita 4 zinazopaa ni malipo, na nimezikubali.

Baada ya mvuke nilipima kimea. Kilo moja ya shayiri iliyosagwa vizuri hubaki na karibu lita moja ya maji ambayo hutayaona tena, hata ukikamua. Kilo 5, lita 5. Kwa hiyo siku hizi ninahesabu kutoka nyuma kwenda mbele, kama mtu anayejua saa ya kufika na anatafuta saa ya kutoka nyumbani. Ninataka lita 20 kwenye ndoo. Mashapo chini ya sufuria yatachukua lita 1 na nusu, hiyo ni 21 na nusu. Lakini hizo ni lita zilizopoa. Maji yanayochemka yamevimba kwa karibu asilimia 4, kwa hiyo kwenye mwiko wangu wakati wa moto zitaonekana kama 22.4. Ongeza mvuke lita 4: kabla ya kuchemsha ninahitaji 26.4. Ongeza zinazonyonywa na kimea, 5: jumla 31.4. Ninatumia lita 15 kwenye uji, yaani lita 3 kwa kila kilo, zinatoka 10, na zile 16 na kitu zilizobaki ni za kusuuzia, zikiwa na joto la nyuzi 76. Maji ya uji ninayapasha mpaka 73 kabla ya kumimina kimea, kwa sababu kimea changu kina joto la chumba, 25, na kikiingia hushusha yote mpaka 67 ninayoitaka. Kule Kabale kwenye baridi, ungelazimika kuyapasha zaidi kidogo.

Na hapo Kabale palinikumbusha jambo lingine. Jinja tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi kama 96. Kadiri unavyopanda milima, yanachemka mapema zaidi, na hopsi hutoa uchungu pungufu kwa kila gramu kuliko unaoandikwa na watu wa pwani. Mimi ninaongeza hopsi kidogo ya mwanzo. Ni tofauti ndogo, lakini ukiifuata karatasi ya mtu wa Mombasa neno kwa neno utajiuliza uchungu umekwenda wapi.

Hesabu niliyoipenda kuliko zote ni ya pointi. Chukua namba za mwisho za haidromita: 1.040 ni pointi 40. Zidisha kwa lita. Lita 25 zenye 40 ni pointi 1,000. Chemsha mpaka lita 20, pointi ni zile zile 1,000, kwa hiyo uzito utakuwa 1.050. Sukari haipai na mvuke. Ukiijua hesabu hii, unaijua bia yako kabla hujawasha moto wa kuchemshia, wakati bado unaweza kuitengeneza. Ukiona pointi ni chache na ujazo ni mwingi, chemsha kwanza bila hopsi, hopsi itaingia ukifika pale unapotaka. Ukiona ujazo ni mdogo na uzito umezidi, ongeza maji, lakini yawe yaliyochemshwa, na uongeze kwa hesabu. Onyo moja tu: poza sampuli kabla ya kupima. Haidromita ikizamishwa kwenye maji ya nyuzi 60 husoma chini ya ukweli kwa zaidi ya pointi 15, na mimi niliwahi kuchemsha nusu saa ya bure kwa sababu ya uvivu wa kupoza kikombe kimoja.

Chungu cha tatu kilikuwa sahihi kwa lita na kwa pointi, na bado kikaharibika. Wiki ile bomba letu lilikauka siku nne, nikaenda na mitungi kwenye kisima cha pampu cha mtaa wa pili. Maji yalikuwa safi machoni, matamu kunywa. Bia ilitoka na rangi iliyokolea kuliko nilivyotaka na uchungu uliokwaruza koo, bila ule mng'ao wa kinywani unaomfanya mtu atake funda la pili. Nilihangaika kutafuta kosa nililofanya, mpaka siku moja nikatazama ndani ya birika la mama mwenye nyumba wa pale kisimani. Lilikuwa na ukoko mweupe mnene kama chokaa ya ukuta.

Ukoko ule ndio uliokuwa ndani ya bia yangu. Maji yanayopita kwenye mawe hubeba kalsiamu na bikaboneti, na bikaboneti huzuia uji wa kimea usifikie asidi yake ya asili, ile pH ya 5.2 mpaka 5.6 ambayo vimeng'enya na ladha vyote vinaipenda. Miji mikubwa ya bia duniani ilijengwa juu ya maji yake kabla ya yeyote kuelewa kemia: Plzeň kwa maji laini na bia nyepesi ya dhahabu, Dublin kwa maji yenye bikaboneti na bia nyeusi, Burton kwa maji yenye jasi na bia ya hopsi nyingi. Kimea kilichochomwa mpaka kikawa cheusi kina asidi yake, na asidi hiyo inamalizana na bikaboneti. Laiti siku ile ningepika bia nyeusi, kisima kile kingenisaidia.

Nilijaribu mambo mawili, na yote yalifaa. Ukichemsha maji ya namna ile robo saa, ukayaacha yatulie, sehemu ya chokaa hushuka chini kama vumbi jeupe; unayamimina taratibu ukiacha vumbi. La pili ni maji ya mvua. Hapa Jinja mvua si haba, na karibu kila nyumba ya mabati ina pipa. Ninaacha mvua ya kwanza ioshe vumbi la paa, ninakinga zile zinazofuata, ninachemsha, ninachanganya nusu kwa nusu na ya kisima. Maji ya mvua peke yake hayatoshi, kwa sababu yako matupu: bia inayopikwa kwayo tu hukosa mgongo, na hamira huhitaji kalsiamu kidogo ili itulie chini vizuri. Ninaongeza jasi ya chakula, gramu 4 kwa lita 20, ambayo huleta kalsiamu karibu miligramu 46 na salfeti 110 kwa kila lita. Salfeti huufanya uchungu wa hopsi uwe mkavu na wazi. Nikitaka bia yenye utamu wa mviringo wa kimea ninatumia kloridi ya kalsiamu badala yake. Nimepika bia moja mara mbili, kimea kile kile, hopsi ile ile, tofauti ikiwa ni chumvi hizo mbili tu, na mke wangu asiyejali mambo haya alizitofautisha bila kuambiwa.

Kisima chenye chuma, achana nacho. Utakijua kwa rangi ya kutu kwenye saruji chini ya pampu, na mara nyingi mabomba ya pampu yenyewe ndiyo yanayolika. Ladha ya msumari haiondoki kwa hesabu yoyote.

Mwaka jana nilianza kutia wimbi la nyumbani kwenye bia ya shayiri, nusu kilo hivi ndani ya kilo 5, lililokaangwa kama mama alivyokaanga. Lina harufu ya mkate na moshi kidogo ambayo sijaipata kwenye kimea chochote kilichokuja na basi. Lakini punje zake ni ndogo mno na hazina ganda la kuchujia kama shayiri. Mara ya kwanza uji uliganda kama ugali, tone halikutoka. Dawa yake niliipata Butaleja, kwenye mpunga wa Doho: maganda ya mpunga, konzi tano sita, yaliyooshwa na kuloweshwa kabla. Yaloweshe, tafadhali. Yakiingia makavu hunywa maji yako ambayo umeyahesabu, na yasipooshwa huacha ladha ya vumbi la ghala.

Ilikuwa ni chungu hicho cha wimbi nilichokuwa nikikipika mama alipokuja kututembelea kutoka Soroti. Alivuta kigoda akakaa uani, akanitazama nikipima, nikiandika, nikipoza vikombe vya sampuli. Hakuuliza kitu kwa muda mrefu. Nilikuwa ninasuuza, mwiko ukionyesha lita 24, na nilihitaji 26.4.

"Nipe kijiko," akasema.

Akakinga chini ya bomba la sufuria, akapuliza, akaonja. Akakaa kimya kama alivyokuwa akikaa nyuma ya wazee.

"Hiki kimechoka, mwanangu."

"Bado lita mbili na kitu, mama."

"Lita sijui. Utamu umeisha, na ulimi unaanza kushikwa. Onja."

Nikaonja. Ulikuwepo, mbali sana, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya pili: ule ukavu wa mashavuni. Nikapoza kikombe, nikazamisha haidromita. Ilisoma 1.009. Wapikaji wengi hushauri kuacha kusuuza maji yanayotoka yakifika kama 1.010, na mimi nilikuwa ninalijua hilo, limeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye daftari langu. Nilikuwa ninatazama mwiko badala ya kuonja.

Nikafunga bomba. Bia ile ilitoka lita 18, yenye uzito nilioutaka, na ndiyo ninayowapa wageni ninaotaka warudi. Machicha mama aliyabeba kwenye gunia, akayagawa kwa kuku wa jirani. Na yale maji ya moto yaliyobaki kwenye birika, lita mbili na kitu, aliyarudisha motoni akatupikia chai.